Ajali ya Kurudi Nyuma Ina Kinga

Upo msemo uliozoeleka mno midomoni mwetu, nao ni kwamba ajali haina kinga. Husemwa msibani kwa nia njema ya kuwafariji wafiwa, na huko hauna ubaya. Ubaya huanza pale msemo huo unapotoka msibani na kuingia maofisini, mashuleni na katika vituo vya mabasi, ukageuzwa kuwa sababu ya kutofanya lolote. Makala hii inahusu aina moja ya ajali ambayo kinga yake inajulikana, ambayo haihitaji fedha za kigeni wala haimngoji mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni ajali ya gari linalorudi nyuma na kumgonga mtu ambaye dereva hakumwona.

Tuchukue mfano wa Kidatu, kwa kuwa ni mahali ambapo magari ya kila namna hukutana. Kituo cha kuzalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu kilianza kazi hapo mwaka 1975. Mashamba na viwanda vya sukari vimekalia kingo zote mbili za mto huo, Msolwa upande wa Kilombero na Ruhembe upande wa Kilosa. Reli ya TAZARA na reli itokayo Kilosa, ambazo upana wa njia zake haulingani, hukutana hapo hapo, hata ikabidi mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. Barabara itokayo Mikumi hupita hapo ikielekea Ifakara, na kipande hicho cha mwisho, chenye yapata kilomita 67, kimewekwa lami katika miaka ya karibuni. Basi katika mji huu mdogo hukosi kuona Hiace za abiria, malori ya miwa, matrekta yenye tela, magari ya wagonjwa, Land Cruiser za miradi na za serikali, pamoja na bajaji na pikipiki zisizo na idadi.

Magari yote hayo hufika mahali pa kushusha abiria au mzigo, na mahali hapo pakikosa nafasi ya kugeuka, hurudi nyuma. Nyuma yake kuna nani? Yuko mtoto wa darasa la kwanza anayetoka shule saa tano. Yuko mama aliyeinama kupanga mahindi yake ya kuchoma. Yuko kijana wa pikipiki aliyejibanza nyuma ya Hiace akisubiri abiria ashuke. Yuko mzee ambaye sikio lake halisikii tena mlio wa injini. Watu hao wote wanaamini kwamba dereva anawaona, kwa sababu wao wanaliona gari. Imani hiyo ndiyo inayowaua.

Kioo kinaonyesha nini?

Watu wengi hudhani kwamba kioo cha nyuma ni dirisha linaloonyesha kilicho nyuma ya gari. Kwa hakika kioo hicho huonyesha kilicho mbali nyuma ya gari. Kilicho karibu na chini hakionyeshi kabisa, na kadiri ukingo wa chini wa kioo unavyokuwa juu, ndivyo eneo lisiloonekana linavyokuwa refu. Hili si suala la maoni. Ni hesabu ya pembetatu zinazofanana, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni kabla chaki yake haijaisha.

Tuseme jicho la dereva wa gari lililoinuka kidogo liko mita 1.6 kutoka ardhini. Tuseme kioo cha nyuma kiko mita 3 nyuma ya jicho hilo, na ukingo wake wa chini uko mita 1.2 kutoka ardhini. Mstari wa macho unaopita juu ya ukingo huo hushuka sentimita 40 katika mita 3. Ukiufuata mstari huo nje ya gari, utakuta kwamba unafikia kimo cha mita 1, ambacho ni kimo cha mtoto mdogo, baada ya mita 1.5 kutoka kwenye kioo. Maana yake ni kwamba mtoto wa kimo hicho akisimama ndani ya mita 1.5 nyuma ya gari, hata utosi wake hauonekani. Ardhi yenyewe haionekani mpaka mita 9.

Sasa tuinue ukingo wa chini wa kioo kwa sentimita 20 tu, ufike mita 1.4. Mstari wa macho sasa hushuka sentimita 20 katika mita 3. Mtoto yule yule wa mita 1 hataonekana mpaka awe mita 6 nyuma ya kioo, na ardhi haitaonekana mpaka mita 21. Sentimita 20 za kioo, ambazo ni fupi kuliko rula ya mwanafunzi, zimezaa mita 4.5 za giza. Katika mita 6 hizo darasa zima la watoto linaweza kusimama likicheka na kusukumana, na dereva akaapa mbele ya hakimu kwamba hakumwona hata mmoja, naye akawa anasema kweli.

Wapo watakaosema kwamba vioo vya pembeni vinatosha. Vioo vya pembeni huonyesha ubavu wa gari na kile kilicho nyuma kando yake, na ni vya lazima. Lakini mgongo wenyewe wa gari ni upana wa karibu mita mbili, na kilichosimama katikati ya upana huo, karibu na bampa, hakimo katika kioo cha kulia wala cha kushoto. Dereva akiangalia vioo vyote vitatu kwa uaminifu bado ana mahali ambapo ni kipofu, na mahali hapo ndipo gari linapoelekea.

Tukumbuke pia jambo la mwendo. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, huenda karibu mita 1.4 katika kila sekunde. Binadamu huhitaji sekunde moja, na mara nyingine zaidi, tangu asikie kelele mpaka akanyage breki. Kwa hiyo yule anayepiga yowe akimwona mtoto mita moja nyuma ya gari amekwisha chelewa. Kinga ya ajali hii ni lazima itangulie mwendo wa gari.

Jinsi kioo kilivyopungua

Haifai kuwalaumu madereva bila kueleza kwamba magari yenyewe yamebadilika. Wazee waliofanya kazi serikalini na mashuleni wakati wa uhuru wanaikumbuka Volkswagen ile ya mgongo wa duara. Mpaka mwaka 1953 kioo chake cha nyuma kilikuwa vipande viwili vidogo vilivyotenganishwa na ubavu wa bati. Mwaka huo kikawa kipande kimoja cha umbo la yai, na katika magari ya mwaka 1958 kikapanuliwa kikawa karibu mara mbili ya kile cha awali. Ford Anglia iliyotoka mwaka 1959 ililazwa kioo chake cha nyuma kinyume na desturi, juu kikitokeza nje na chini kikiingia ndani, na jambo hilo lilisaidia mvua isikitirirkie sana. Kwa ufupi, katika miaka hiyo watengenezaji walikuwa wakiongeza uwezo wa dereva wa kuona nyuma.

Baadaye mambo yalibadilika. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, watengenezaji walitafuta umbo linalopasua upepo vizuri, na moja ya njia ilikuwa kuinua sehemu ya nyuma ya gari na kulaza kioo. Kisha zikaja sheria za kuwakinga waliomo ndani gari likipinduka. Marekani, kwa mfano, iliongeza mwaka 2009 kiwango cha uzito ambao paa la gari lazima listahimili, na katika magari madogo kiwango hicho kikawa mara mbili ya kile cha zamani. Nguzo za kona zinazoshika paa zikanenepa, na nguzo nene huziba. Viti vya nyuma vikawekewa maegemeo ya vichwa. Tairi la akiba likaning'inizwa kwenye mlango wa nyuma, mbele ya kioo hasa. Vioo vikatiwa weusi ili waliomo ndani wasipigwe na jua wala wasionekane. Na juu ya yote hayo ikaja mitindo, kwa kuwa dirisha jembamba lililoinuka hulifanya gari lionekane lina nguvu, na wanunuzi hupenda gari la namna hiyo.

Kila badiliko lilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu hizo ni njema. Anayenusurika gari linapopinduka Mlima Kitonga anaishukuru nguzo nene. Lakini ukiyajumlisha yote utaona kwamba aliye ndani ya gari ameongezewa usalama, na aliye nje, nyuma ya gari, amepunguziwa nafasi ya kuonekana. Huyo wa nje hakuwako katika chumba cha wachoraji. Hakuliza swali lolote.

Nchi zenye viwanda zilichelewa kulitambua hilo. Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba magari madogo yanayorudi nyuma yalikuwa yakiua watu wapatao 210 kila mwaka nchini humo na kujeruhi 15,000. Karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano, na karibu robo walikuwa wazee wenye miaka 70 na zaidi. Sheria ilitiwa saini mwaka 2008, kanuni zake zikatoka mwaka 2014, na kuanzia Mei 2018 kila gari jipya dogo lilitakiwa liwe na kamera inayomwonyesha dereva eneo lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 nyuma ya gari. Msomaji atakumbuka kwamba mita 6 ndizo tulizozipata kwa chaki na ubao. Ilichukua miaka kumi tangu saini mpaka utekelezaji. Japani nayo ilianza mwaka 2022 kuyataka magari ya miundo mipya yawe na chombo cha kumsaidia dereva kuona nyuma.

Tusijidanganye kwamba kamera hizo zitatuokoa kesho. Magari mengi madogo tuyanunuayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika kwa miaka mingi, na mengi yaliundwa kabla ya sheria hizo. Yale yenye kamera huja na maandishi ambayo dereva hawezi kuyasoma, na mara nyingi chombo kikiharibika hakuna anayekitengeneza. Tena kamera ni jicho dogo lililowekwa karibu na bampa, mahali ambapo vumbi la Kilombero hutua kwanza kiangazi na matope hurukia kwanza masika. Wala hakuna kamera kwenye trekta kuukuu lenye tela la miwa.

Tunavyojiziba wenyewe

Hapa ndipo tunapofika kwenye wajibu wetu. Hatuna uwezo wa kumwamuru mchoraji wa gari aliyeko Nagoya. Lakini ukingo wa chini wa kioo unaweza kuinuliwa kwa njia mbili. Unaweza kuinuliwa kiwandani kwa bati, na unaweza kuinuliwa hapa Kidatu kwa stika. Kwa jicho la dereva hakuna tofauti hata kidogo kati ya bati na stika. Utepe wa maandishi wenye upana wa sentimita 20 uliobandikwa chini ya kioo cha Hiace umemnyang'anya dereva mita zile zile 4.5 tulizozipigia hesabu.

Tazameni migongo ya magari yetu ya abiria. Kioo kimoja kina sala, kingine kina jina la timu, kingine kina picha ya mwanamuziki, kingine kina kejeli kwa mahasimu wasiojulikana. Maandishi hayo ni sehemu ya furaha ya safari zetu, na hakuna haja ya kuyafuta. Yahamishiwe juu ya kioo, au kwenye bati. Jina la Mungu halipungukiwi kitu likiandikwa kwenye paa la gari, na Simba na Yanga hazitashuka daraja kwa kuandikwa karibu na bampa.

Stika si kizuizi pekee. Vipo virago vya abiria vilivyorundikwa nyuma ya kiti cha mwisho mpaka vikagusa paa. Yapo maegemeo ya vichwa ambayo huinuliwa hata pale ambapo hakuna aliyekaa. Lipo vumbi ambalo gari lenye mgongo ulionyooka hujivutia lenyewe, kwa sababu hewa huzunguka nyuma yake na kulirudisha vumbi kwenye kioo. Gari la namna hiyo huwekewa waipa ya nyuma kwa sababu hiyo, nasi tumezoea kuona mkono wa waipa ukining'inia bila mpira. Kadhalika, Hiace na magari mengi ya familia kutoka Japani huja na kioo kidogo cha mviringo kilichobanwa juu ya mlango wa nyuma, kikitazama chini. Kioo hicho si pambo. Kiliwekwa kumwonyesha dereva ardhi iliyo karibu na bampa, yaani pale pale ambapo mtoto hufichika. Mwenye gari akikiondoa, au akikiacha kilichovunjika bila kukibadilisha, au akiweka nyeusi mbele yake, ametupa chombo alichokwisha kukilipia.

Malori na matrekta yana hali yake. Huko hakuna suala la kioo cha nyuma, kwa kuwa mzigo wa miwa umesimama kama ukuta. Dereva wa trekta lenye tela hurudi nyuma kwa kuzungusha usukani kinyume cha upande anaotaka tela liende, macho yake yakiwa kwenye magurudumu. Hawezi kwa wakati huo huo kuchunga watoto waliokuja kuokota miwa iliyodondoka. Hapo macho ya gari ni utingo, na hakuna mwingine.

Lakini kazi ya utingo tumeifanya ya kubahatisha. Mara nyingi yumo ndani akichungulia dirishani, au ananing'inia mlangoni akipiga bati kwa kiganja na kupaza sauti: "Njoo, njoo, njoo!" Wakati mwingine wanajitokeza watu watatu, kila mmoja akipunga mkono wake, mmoja akisema njoo na mwingine akisema simama. Wakati mwingine anayeelekeza ni mtoto, naye husimama pale pale ambapo gari litapita. Huo si uangalizi.

Mambo yaliyo katika uwezo wetu

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya askari wa usalama barabarani. Ni kweli kwamba kuendesha bila uangalifu ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Lakini gari halirudi nyuma sana katikati ya barabara kuu ambako askari husimama. Hurudi nyuma katika uwanja wa shule, mbele ya zahanati, nyuma ya ghala la ushirika na katika yadi ya halmashauri. Mahali hapo pana wenyewe. Yuko mwalimu mkuu, yuko mganga mfawidhi, yuko ofisa utumishi. Hao ndio wasomaji wa ukurasa huu, na hoja hii inawahusu wao kwanza.

La kwanza ni la magari ya ofisi, nalo halihitaji hata shilingi. Gari liingizwe kinyumenyume katika maegesho wakati wa kufika, ili litoke kwa mbele wakati wa kuondoka. Sababu yake ni nyepesi. Dereva anayefika ametoka kupaona mahali hapo kwa macho yake, akajua kama pana mtu au hapana. Dereva anayeondoka baada ya saa tatu za mkutano hajui ni nani aliyekaa kivulini nyuma ya gari tangu hapo. Mkuu wa ofisi anaweza kulifanya hilo kuwa agizo kesho asubuhi, na mwenyewe akawa wa kwanza kulitii.

La pili ni kulizunguka gari. Dereva, kabla ya kuingia, apite nyuma ya gari kwa miguu, aangalie chini na kando, ndipo apande na kuondoka mara moja bila kukaa na kuanza mazungumzo. Magari ya wagonjwa yanalihitaji zaidi hili, kwa maana mara nyingi kioo chake cha nyuma kimefunikwa na dereva haoni chochote kupitia hapo, na jamaa wa mgonjwa husongamana mlangoni wakiwa na majonzi, wasiweze kufikiria usalama wao.

La tatu ni la viwanja vya shule. Gari linaloleta vitabu, chakula au wakaguzi lisipite kati ya watoto. Panga mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, kama yale tunayozungushia bustani na mlingoti wa bendera, uwe ndio mwisho wa gari. Penye nafasi, gari liingie kwa njia moja na kutoka kwa nyingine, lisihitaji kurudi nyuma kabisa. Pasipo na nafasi, mwalimu wa zamu asimame hapo, na gari lisiondoke wakati wa mapumziko wala kengele ya kwenda nyumbani inapolia.

La nne ni la utingo na kondakta. Awe mmoja tu, mtu mzima, na asimame upande wa dereva, mahali ambapo dereva anamwona ndani ya kioo cha kulia. Dereva na utingo wakubaliane ishara chache kabla ya kuanza. Na iwe kanuni isiyovunjwa kwamba dereva akimkosa utingo kiooni, asimamishe gari papo hapo, hata kama anasikia sauti yake. Wenye malori, wakulima wa miwa na wenye matrekta wakilishikilia hili katika msimu mmoja tu wa mavuno, litageuka desturi.

La tano ni la darasani. Hesabu tuliyoiandika juu inafaa kuwa somo. Mwalimu achukue fimbo ya mita moja, aombe gari lililoegeshwa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Wanafunzi wakae kwa zamu katika kiti cha dereva, huku mwenzao akisogeza fimbo nyuma ya gari hatua kwa hatua mpaka ncha yake ionekane. Wapime umbali huo, wauandike, kisha wachore pembetatu na kulinganisha na hesabu. Mtoto aliyekaa katika kiti kile na kukuta kwamba haioni fimbo, wala rafiki yake aliyeishika akiwa amechuchumaa, hatasahau. Hatahitaji kuhubiriwa kwamba asipite nyuma ya gari linalonguruma. Na jioni atawaeleza wazazi wake, ambao huenda mmoja wao ni dereva.

Wapo watakaoona kwamba haya ni mambo madogo mno kwa ukurasa kama huu, wakati nchi ina mambo makubwa ya mabwawa, reli na viwanda. Bonde la Kilombero linayajua mambo makubwa kuliko sehemu nyingi. Lakini lami inapofika, magari huongezeka na viwanja vyetu hubaki vile vile, watoto wakicheza pale pale walipocheza wakati gari lilikuwa likipita mara moja kwa wiki. Maendeleo yakija kwa magurudumu, ni lazima aliyeko nyuma ya magurudumu hayo ahesabiwe pia.

Kwa hiyo tuuache ule msemo wa ajali haina kinga ubaki msibani, kazi yake ikiwa ni kufariji. Ofisini na shuleni hauna kazi. Ajali hii ina kinga, nayo ni kioo kilichofutwa, mawe yaliyopakwa chokaa, utingo anayeonekana na dereva anayeshuka kutazama. Mwalimu mkuu na mkuu wa ofisi wanaweza kuanza Jumatatu.